Deni Hutangulia Mirathi

Karani wa mahakama ya kadhi hushika zaidi mafaili ya namna mbili: ya ndoa na ya mirathi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu Mombasa mpaka nilipostaafu, na katika mafaili yote hayo swali la kwanza lilikuwa lilelile. Wewe ni nani, mwana wa nani, wa ukoo gani? Niliandika fulani bin fulani bin fulani, kisha mwishoni lile la ukoo: Busaidi, Mandhry, Basheikh, Shatry, Mazrui. Watu walilitamka hilo la mwisho kwa sauti tofauti na waliyotamkia majina yao wenyewe. Wengine waliipandisha, wengine waliishusha, na wengine walinyamaza hapo kwa kuwa hawakuwa nalo.

Swali lililonikaa moyoni miaka yote hiyo ni la dini. Jina la ukoo linamfaa nini mtu mbele ya Mwenyezi Mungu? Na kama halimfai kitu, mbona dini yetu imeihifadhi nasaba kwa uangalifu mkubwa, ikaharamisha mtu kujinasibisha na asiye babake, ikaamrisha kuunga udugu hata na jamaa wanaotukata? Nataka kulijibu kwa kuutazama ukoo mmoja, Wamazrui wa Mombasa. Mimi si wa ukoo huo. Nimewachagua kwa sababu sijui jina jingine Pwani ya Kenya lililobebwa na watu wa hali mbalimbali kiasi hicho: watawala, waasi, makadhi, wafungwa, maprofesa. 

Nianze na faili moja la ndoa, maana huko ndiko jina la ukoo huumiza watu. Alikuja mzee mmoja na bintiye. Kijana aliyeposa alikuwa mwalimu, msikitini hakosekani, na mahari yalikuwa yamekubaliwa. Kabla hawajaingia kwa kadhi, mzee akaniinamia mezani akasema, "Bwana karani, kijana mwenyewe sina neno naye. Lakini kwao ni wapi? Babu yake alikuwa nani?" Binti alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma yake, ncha ya buibui anaiviringisha kidoleni na kuiviringua. Akasema kwa adabu, bila kuinua macho, "Baba, mimi nilimuuliza yeye ni nani. Hilo alinijibu."

Kadhi hakuwaficha sheria. Aliwaambia kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafii nasaba imehesabiwa kwenye ukufu, yaani kulingana kwa wanaooana, pamoja na dini, uhuru, kazi na kusalimika na aibu. Aliwaambia pia kwamba ukufu ni haki ya binti na walii wake, na mwenye haki anaweza kuisamehe. Kisha akamkumbusha mzee habari za Zaid bin Haritha. Ndoa ilifungwa, na cheti nilikiandika mimi.

Habari za Zaid kila aliyepita chuoni anazijua, lakini wachache huzifikisha mwisho. Alitekwa angali mtoto akauzwa, akafika nyumbani kwa Bibi Khadija, naye akampa Mtume, rehema na amani zimshukie. Mtume akamwacha huru na kumfanya mwanawe, na watu wa Makka wakamwita Zaid bin Muhammad. Ikashuka amri katika Sura ya Ahzab kwamba watoto wa kulea waitwe kwa baba zao waliowazaa, na Zaid akarudi kuwa bin Haritha. Alivuliwa jina ambalo hakuna ukoo wenye jina la kulishinda. Na ndani ya sura hiyohiyo ametajwa yeye mwenyewe, Zaid, sahaba wa pekee ambaye jina lake husomwa katika Qurani. Abu Lahab naye ametajwa, ammi yake Mtume, damu moja kabisa, na kila anayesoma sura yake fupi anasoma maangamizi yake. Mmoja alipungukiwa nasaba akatajwa kwa heshima. Mwingine alikuwa nayo kamili isimfae.

Ushahidi wa upande huu ni mwingi. Nabii Nuhu alimwombea mwanawe akaambiwa huyo si katika watu wako, maana matendo yake si mema. Mtume alimwambia Bibi Fatma, kipenzi chake, kwamba mbele ya Mwenyezi Mungu hataweza kumfaa kwa chochote. Na tumefundishwa kwamba anayecheleweshwa na amali yake, nasaba yake haitamharakisha. Tungeishia hapo, tungesema majina ya koo ni vumbi, na tungefunga mjadala.

Lakini iko Sura ya Kahf, ambayo tunaisoma kila Ijumaa. Nabii Musa na yule mja mwenye elimu walifika mji ambao watu wake waliwanyima chakula. Wakakuta ukuta unataka kuanguka, na yule mja akausimamisha bila ujira. Musa akashangaa. Baadaye akaelezwa: chini ya ukuta huo palikuwa na hazina ya mayatima wawili, na baba yao alikuwa mtu mwema, kwa hiyo Mola wako alitaka wakue na kuitoa hazina yao. Hapa wema wa baba umemfikia mwana, tena baba alikwisha kufa. Basi nasaba inafaa au haifai?

Niliibeba aya hiyo muda mrefu, nikiipima na watu waliokuja mbele ya meza yangu. Ninachokiona sasa ni hiki. Mayatima wale walisimamishiwa ukuta tu. Hazina haikufukuliwa wakatiwa mikononi, wala hawakuambiwa kwamba wao ni bora kuliko watoto wa jirani. Walihifadhiwa ili wakue, na kuitoa kulibaki kuwa kazi ya mikono yao. Wema wa mzazi unaweza kumpa mtoto muda na stara. Hauwezi kumpa amali.

Na hapo ndipo Wamazrui wanaponifundisha. Walitoka Oman. Baada ya Wareno kung'olewa Fort Jesus mwaka 1698, Mombasa iliingia chini ya maimamu wa Kiyaarubi wa Oman, na katika karne ya 18 liwali wao alikuwa Muhammad bin Uthman Al-Mazrui. Huko Oman dola iliposhikwa na Ahmad bin Said Al-Busaidi, Muhammad alikataa kumtii, akauawa. Nduguye Ali bin Uthman akairudisha ngome. Tangu hapo, kwa karibu miaka 100, walitawala Mombasa na sehemu kubwa ya mwambao, na Pemba ikawa mikononi mwao muda mrefu. Mshairi Muyaka bin Haji aliishi katika enzi hiyo na kuitetea kwa tungo zake. Walitaka na Lamu, wakavunjwa katika vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1824 walimwomba nahodha Owen wa Uingereza bendera ya kuwakinga na mtawala wa Oman, Sayyid Said wa ukoo wa Busaidi, na mwaka 1826 Waingereza wakaondoka.

Kilichowaangusha kilikuwa ndani. Salim bin Ahmad alipofariki mwaka 1835, jamaa waligombania kiti, na watu wa mji wakachoka nao. Mwaka 1837 Sayyid Said aliingia Mombasa kwa urahisi. Wakubwa wa ukoo walikamatwa kwa hila wakasafirishwa hadi Bandar Abbas, wakafia kifungoni. Waliosalia walikimbilia Gazi upande wa kusini na Takaungu upande wa kaskazini. Mwaka 1895, ugomvi wa urithi wa Takaungu uliingiliwa na Waingereza, na Mbaruk bin Rashid wa Gazi akaongoza vita dhidi yao. Aprili 1896 alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani, na akafariki Dar es Salaam mwaka 1910. Kwa hesabu ya utawala, jina hili lilikwisha siku ile alipovuka mpaka.

Hata hivyo, mtu akilitaja leo Mombasa, hakuna anayefikiria mizinga. Watu hufikiria elimu. Nani aliyelibadilisha?

Wa kwanza ninayemtaja ni Sheikh Ali bin Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1825, ukoo ukiwa bado madarakani. Wazee wake walikuwa Ibadhi. Yeye alisoma, akaridhika na dalili alizoziona, akawa Shafii na akafundisha hivyo waziwazi. Sultani Barghash alimfunga Zanzibar, naye hakutoka mpaka Barghash alipofariki mwaka 1888. Mtu anayeishi kwa jina la wazee asingethubutu. Angekaa ndani ya madhehebu ya baba zake akala heshima yao polepole mpaka mwisho wa umri. Sheikh Ali aliifuata elimu ilikompeleka, na ilimpeleka mbali na njia ya wazee wake, kisha gerezani.

Alifariki mwaka 1894, na mwanawe Al-Amin, aliyezaliwa mwaka 1891, akabaki yatima. Alilelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, naye mwanachuoni na kadhi. Huo ndio ukuta: mzee mmoja wa ukoo aliyempokea mtoto, akamtia chuoni, akamhifadhia vitabu. Lakini elimu yenyewe hakuipata kwa damu. Alisoma Zanzibar kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir, na hakuna Mazrui kati yao. Ilimu ina silsila yake, hutoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi, na haimuulizi mwanafunzi ukoo wake.

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin alianzisha Sahifa, karatasi ndogo ya Kiswahili, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah kwa Kiarabu na Kiswahili. Humo aliwaambia Waislamu wa Pwani wasiyopenda kusikia. Aliwakemea kwa kutapanya mali kwenye arusi na matanga, kwa kuwanyima mabinti elimu, na kwa kuwaiga Wazungu katika mavazi na anasa huku wakiuacha ujuzi wao. Makala hizo baadaye zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Mwaka 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na alikufa na cheo hicho mwaka 1947. Aliandika pia, kwa Kiarabu, tarikhi ya ukoo wake mwenyewe.

Alipofariki, mwanawe Ali alikuwa na miaka 14. Yatima wa pili. Baba alitamani mtoto huyu aende Al-Azhar awe mwanachuoni kama yeye na babu yake. Haikuwa hivyo. Ali alimaliza shule kwa daraja la tatu, na kwa matokeo hayo mlango wa chuo kikuu haukufunguka. Akaajiriwa katika chuo cha Waislamu cha ufundi cha Mombasa, kazi ya ofisini, kazi ya makaratasi kama yangu. Siku moja alitoa hotuba ya Maulidi mbele ya gavana wa kikoloni, na kutokana na hotuba hiyo akapatiwa nafasi ya kusoma Uingereza. Alipata shahada Manchester mwaka 1960, akaenda Columbia, na mwaka 1966 akapata udaktari Oxford. Alikuwa profesa Makerere mpaka utawala wa Idi Amin ulipomfanya aondoke, kisha Michigan, kisha Binghamton. Mwaka 1986 dunia ilimwona kwenye televisheni akieleza urithi wa Afrika wa pande tatu: wa asili, wa Kiislamu na wa Magharibi. Alipofariki Marekani Oktoba 2014, aliletwa Mombasa akazikwa katika makaburi ya ukoo wake, karibu na Fort Jesus.

Itazame hesabu hiyo. Baba yatima, mwana yatima, na baba aliyetangulia katika kila kizazi alikuwa mtu mwema. Kila mmoja alisimamishiwa ukuta. Kila mmoja alikua, akachimba mwenyewe, na alichokitoa hakikuwa kile alichokizika babake. Sheikh Ali aliacha elimu ya madhehebu, mwanawe akatoa gazeti na marekebisho ya jamii. Sheikh Al-Amin aliacha gazeti na kiti cha kadhi, mwanawe akatoa nadharia ya siasa ya bara zima. Hakuna aliyemwiga babake, na hakuna aliyemuaibisha. Jina lilikua kwa sababu waliolibeba hawakulitegemea. Waliolitegemea, wale wa 1835 waliodhani kiti ni chao kwa kuzaliwa, ndio walioligharimu ngome.

Hilo ni jibu la nusu ya swali. Nusu ya pili niliipata kwenye mafaili ya mirathi.

Mtu akifa, mali yake haigawanywi siku hiyohiyo. Kwanza hutolewa gharama za sanda na mazishi. Pili hulipwa madeni yote, ya watu na ya Mwenyezi Mungu. Tatu hutekelezwa wasia usiozidi thuluthi. Baada ya hayo ndipo mke hupata thumni yake, mama sudusi yake, na watoto kilichobaki, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Nimewaona warithi wakija na karatasi za hisabati zilizokwisha kupigwa, kila mtu ameshajua kijisehemu chake, na kadhi akawauliza swali moja tu: "Marehemu alikuwa anadaiwa na nani?" Kimya hicho nakijua. Wote wanajua jibu, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulisema.

Nasema jina la ukoo ni mirathi kama mirathi nyingine. Anayetaka fungu lake la heshima lazima asikilize kwanza orodha ya madeni.

Na Pwani yetu ina deni ambalo koo nyingi kubwa, Wamazrui wakiwemo, zinadaiwa. Takaungu ilipostawi, ilikuwa kwa mashamba ya nafaka, na waliolima mashamba hayo ni watumwa. Waliotoroka walijificha Fuladoyo, au walikimbilia misheni ya Rabai. Mwanzoni mwa mwaka 1889 zaidi ya watoro 1,000 walitangazwa kuwa huru kwa fedha za kampuni ya Waingereza, na fedha hizo zilikwenda kwa mabwana. Mwaka 1907 sheria ilipofuta utumwa katika ukanda wa pwani, waliofidiwa tena walikuwa wenye watumwa. Aliyepigwa jua shambani hakupewa hata pishi ya mtama. Deni lililipwa, lakini alilipwa mdaiwa.

Ninaongea kwa kuwa ninayo sehemu yangu humo. Bibi mzaa bibi yangu alikuwa mtumwa. Nyumba iliyommiliki siitaji, maana waliomo leo ni watu wema na hawajanikosea. Katika karatasi pekee ya familia inayomtaja, anaitwa binti Abdalla, na Abdalla hakuwa baba yake. Ndivyo walivyoandikwa wengi ambao baba zao hawakujulikana hapa. Kwao kulikuwa bara, pengine Nyasa, pengine karibu zaidi, na hakuna aliyeandika. Katika vitabu vya fiqhi tulivyosoma kuna mlango unaosema mwachwa huru akifa bila jamaa, anayemrithi ni aliyemwacha huru. Niliwahi kuusoma mlango huo kwa sauti ofisini, na sauti ilinikatika.

Sasa nisieleweke vibaya. Qurani imesema wazi kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Mtoto aliyezaliwa juzi katika ukoo wowote hana dhambi ya babu. Simlaumu yeyote. Lakini dhambi na deni ni vitu viwili katika sheria yetu. Dhambi huenda na mwenyewe hadi siku ya hesabu. Deni hubaki juu ya mali. Na sheria imeweka mpaka wa haki: mrithi hatoi mfukoni mwake zaidi ya kile marehemu alichokiacha. Asiyerithi chochote hadaiwi chochote. Aliyerithi shamba anadaiwa kwa kadiri ya shamba, na aliyerithi heshima anadaiwa kwa kadiri ya heshima. Mtu hawezi kusema babu yangu alikuwa liwali, na akiulizwa nani alilima shamba la liwali ajibu kwamba hayo ni ya zamani. Kama ni ya zamani, na uliwali ni wa zamani. Vyote viwili vibaki au vyote viwili viondoke.

Katika ukoo huu wako waliolisogelea deni hilo, kila mmoja kwa njia yake. Mwaka 1992 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipounda jopo la watu mashuhuri kudai fidia ya biashara ya utumwa, Profesa Ali Mazrui alikuwa mmoja wao. Lile jopo lilielekeza macho yake Atlantiki, na madai hayo ni ya haki. Mimi ningependa macho hayohayo yaelekezwe na Takaungu, na nasema hivyo kwa heshima kubwa kwa marehemu, kwa sababu mtu anayedai cha nje kwa haki ndiye anayeweza kukisema cha nyumbani na akasikilizwa. Mwingine ni Alamin Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1948. Tamthilia yake Kilio cha Haki, ya mwaka 1981, inawaweka jukwaani wafanyakazi wa shamba wanaopigania haki yao wakiongozwa na mwanamke. Mwaka 1982 serikali ilimtia kizuizini bila ya kumfungulia mashtaka. Jina lililokuwa la wenye mashamba liliandikwa kwenye jalada la kitabu kinachosimama na wanaolima. Kwangu mimi hiyo ni sehemu ya malipo, na ililipwa kwa uhuru wa mtu.

Iko na ardhi. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni iliweka sheria ya amana ya ardhi za Wamazrui upande wa Takaungu, na Bunge la Kenya likaifuta mwaka 1989. Madai ya ukoo na madai ya wanaoishi na kulima pale yamefikishwa mbele ya mahakama na serikali mara nyingi. Mimi si hakimu na sitatoa hukumu. Nasema tu kwamba kwa watu wa dini, hati si mwisho wa maneno. Hati hujibu swali la nani ni mwenye mali. Kadhi bado atauliza marehemu alidaiwa na nani.

Basi jibu langu ni hili. Jina la ukoo halimfai mtu kitu mizanini, na linamfaa sana kabla ya mizani. Linamsimamishia ukuta akiwa mdogo, linampa watu wa kumpokea akifiwa, linamwachia mfano wa waliotangulia ili asianze gizani. Ndiyo sababu dini imelihifadhi. Baada ya hapo mwendo wake ni wa kupanda tu. Tumefundishwa kwamba mwanadamu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu inayonufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Mtoto anaweza kumfaa babu aliye kaburini. Babu aliye kaburini hawezi kumswalia mjukuu hata rakaa moja. Kwa hiyo anayejivuna kwa wazee wake ameugeuza mwendo. Anawadai wao, nao ndio wanaomngojea yeye.

Nina ombi kwa koo zote kubwa za mwambao, na silielekezi kwa Wamazrui peke yao. Mnaposoma hitma ya wazee wenu, karatasi ya majina hupita mkono kwa mkono, na imamu huyasoma moja moja kabla ya dua. Waandikeni humo na waliowalimia, waliowapikia, waliowanyonyeshea watoto wenu. Majina yao baadhi yenu mnayajua. Yamo katika hati za wakfu, katika wasia, katika maneno ya bibi zenu. Yasiyojulikana, semeni tu kwamba walikuwapo. Kisha binti yenu akiposwa na kijana asiye na ukoo, kumbukeni kwamba huenda ukoo wake ulikatikia shambani kwenu. Muulizeni dini yake na tabia yake, mkiridhika muozesheni, na mlihesabu hilo kuwa sehemu ya deni mnalolipa. Na penye ardhi, kaeni na wanaoilima mzungumze kabla mawakili hawajazungumza kwa niaba yenu.

Mkifanya hivyo hamtapunguza jina lenu. Mtakuwa mmelipa kinachotangulia, na mirathi itakayobaki baada ya hapo itakuwa halali yenu na ya watoto wenu.